Kinanda cha Umeme Hakijaua Mahadhi

Muziki unaotengenezwa kwa kompyuta na kinanda cha umeme husemwa kuwa hauna roho. Maneno hayo yamezoeleka Mbeya na Iringa, kanisani na vijiweni, hasa kwa wanaokumbuka bendi za dansi na magitaa yake: mashine inajipigia yenyewe, kijana anabonyeza tu, na albamu nzima ni mdundo uleule uliorefushwa. Maneno hayo si kweli, na yanawadhulumu watu wanaofanya kazi ngumu.

Mashine haichagui noti. Mwaka 1968 Mmarekani Wendy Carlos alitoa albamu ya Switched-On Bach, iliyojaa kazi za Johann Sebastian Bach zilizopigwa kwa sinthesaiza ya Moog. Mtambo ule uliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila sauti ilipigwa kwa mkono peke yake, ikarekodiwa kwenye tepu, kisha nyingine ikapangwa juu yake. Mwanakwaya wa Kilutheri wa Iringa aliyefundishwa besi siku moja, akaja kuisikia ikikutana na soprano siku nyingine, anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Bach mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa makanisa ya Kilutheri.

Nyanda za Juu Kusini zilipaswa kuwa za mwisho kuamini kwamba mtambo na ibada haviendi pamoja. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na nyimbo za sauti nne walizozileta zikaja kuzoeana na kinanda cha kukanyaga: mvukuto, ndimi za chuma na mbao, vyote kazi ya kiwanda. Hicho nacho kilikuwa mtambo mgeni. Leo wapo wanaokitaja kuwa ndiyo sauti halisi ya ibada, halafu wanakikataa kinanda cha umeme kwa sababu ileile ambayo ingeweza kutumika kukikataa cha kwanza.

Lawama ya pili ni marudio. Hapo wakosoaji wanasahau ligombo la Wahehe, nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, ambalo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950. Mpigaji hushika kipande kifupi cha mahadhi na kukirudia, na juu yake sauti ya mwimbaji hutembea. Marudio ndiyo yanayompa msikilizaji pa kusimama: sikio likishajua noti gani inafuata, badiliko dogo kabisa linasikika kama tukio. Muziki wa kielektroniki wenye mahadhi unavutia kwa njia hiyohiyo.

Mfano wa karibu ni albamu ya Bongo Hotheads ya kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Huo ni mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kigoda kinachopigwa kwa fimbo, na mwimbaji. Kinanda hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza. Kikipitishwa kwenye amplifaya zilizochoka, sauti yake nyembamba inakwaruza na kukaribia ukali wa nzumari. Mahadhi ni mafupi, yanazunguka bila kukoma, na kila yanaporudi ngoma zimeshasogea mahali pengine. Anayeisikiliza albamu hiyo mwanzo hadi mwisho hawezi kusema kwa haki kwamba haina roho. Singeli, iliyofuata njia hiyo kwa kompyuta na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi, ilisikika hadi Kampala, ambako lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017.

Mbeya na Iringa ushahidi upo kila Jumapili. Kwaya inapoingia kwenye sebene, mkono wa kulia wa mpiga kinanda unashika mahadhi kwa sauti ya gitaa. Kidole gumba cha kushoto kinasukuma gurudumu dogo la pembeni, na noti inapanda taratibu kabla ya kutua, kama inavyofanya kwenye gitaa la solo. Akilisukuma mapema, noti inachacha. Akichelewa, wanakwaya wanakuwa wameshamwacha. Hakuna kitufe cha kumfanyia kazi hiyo. Prodyuza anayepanga biti kwa kipanya hufanya maamuzi hayohayo, ila polepole zaidi, na anaweza kukaa nusu ya usiku na noti mbili. Rayvanny, aliyezaliwa Mbeya na kutoa albamu ya Sound from Africa mwaka 2021, amejengewa nyimbo zake juu ya kazi ya watu wa aina hiyo, lakini ni mashabiki wachache wanaoweza kuwataja.

Albamu mbovu za kielektroniki zipo, tena nyingi. Ubovu wake una chanzo kinachojulikana: mtengenezaji anachukua mtindo uliokuja na kinanda kutoka kiwandani, hagusi mdundo wala besi, anaweka maneno juu, kisha anarudia hivyo kwa nyimbo kumi. Huyo anastahili kulaumiwa, na lawama imfikie kwa jina lake, kama mpiga gitaa anayetumia mapigo matatu maisha yake yote anavyolaumiwa bila mtu kulitukana gitaa.