Kuku ndani ya chapati si kosa

Juzi tulirusha picha ya kuku wa kuchoma aliyekunjwa ndani ya chapati, na nanasi limekatwakatwa juu yake. Mmoja akaandika, "Mumeanza kula kizungu." Mwingine akasema tutoe picha haraka, eti wakubwa wakiona wakimbizi wanakula hivi, msaada utapunguzwa tena.

Wa kwanza tulimcheka tu. Kizungu gani? Ukishuka Mbarara, kila kona kuna rolex, mayai ndani ya chapati. Jirani zetu Wasomali hapa Nakivale wanakula ndizi mbivu pamoja na wali wa nyama tangu utoto. Kuku wa makala na pilipili tulikuja naye kutoka Kongo. Sisi tumekunja tu.

Wa pili ndiye tunamjibu, ju woga wake si wa kijinga. Tangu 2023 msaada wa chakula hapa Uganda unagawiwa kwa makundi kufuatana na hali ya familia, na kuna watu waliotolewa kabisa. Ndiyo maana wengine wanafunika sufuria mgeni akibisha hodi. Lakini tufanye hesabu. Kuku huyo alikuwa mmoja, wa kisasa, tulimchangia, na tulikula watu tisa. Angewekwa kwenye sahani vipande vizima, angeshibisha wanne. Chapati na nanasi ndivyo vilivyojaza tumbo.

Tulimtoa mifupa, tukamlaza saa moja kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili. Makala yaachwe mpaka moshi uishe na majivu meupe yaonekane, la sivyo nje inaungua na ndani damu. Ukiwa na kuku wa kienyeji, mchemshe kwanza, vinginevyo mtatafuna mpaka usiku. Mifupa usitupe, kesho ni supu. Nanasi tulilikata dogodogo na kitunguu, nyanya na ndimu, tukalichuja maji ili chapati isipasuke. Chumvi mwishoni. Na kwa kuwa kachumbari hiyo haipikwi, osha kila kitu kwa maji yaliyochemshwa, na kisu cha kuku mbichi kisiguse nanasi. Hapo hatuna mchezo, kuhara ndani ya kambi tunakujua.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika. Kuna mafunzo ya mapishi tuliyohudhuria, tukafundishwa kwa oveni na jibini. Vyeti tulipata. Oveni nani anayo? Mtufundishe kwa jiko la makala na vitu vya sokoni, muone kama hatutauza. Na mkikuta vijana wanakula kuku, musikimbilie kuandika kwenye ripoti kwamba tumeshajitegemea. Mlo mmoja wa mchango hauonyeshi jinsi mwezi mzima ulivyopita. Kaeni, tuwakunjie moja, halafu mtuulize jana tulikula nini.

Picha hatutoi. Mama Msomali wa jirani ameiona pia, amesema chapati zetu ni ngumu kama ngozi, na Jumamosi atakuja kutufundisha sabaayad. Makala tunayo. Kuku bado tunachanga.