Zahanati ya Kambi Ndiyo Lindo la Kwanza la Moyo

Kila askari aliyepata mafunzo anajua ya kwamba adui hazuiliwi makao makuu. Huzuiliwa na mlinzi aliyesimama pembezoni mwa kambi, usiku, akiwa macho. Mlinzi huyo akisinzia, bunduki zote zilizomo ghalani hazitatufaa kitu. Jambo hili tunalikubali sote katika mambo ya vita. Ajabu ni kwamba hatulikubali katika mambo ya afya zetu wenyewe. Tunadhani maradhi ya moyo ni kazi ya mabingwa wa Mulago peke yao, ilhali mgonjwa anayefikishwa Mulago akiwa amebebwa, adui yake amekwisha kuingia ndani siku nyingi.

Maradhi tunayoyasemea hapa ni yale ya kushindwa kwa moyo. Wengi wakilisikia jina hilo hudhani ni moyo kusimama ghafla, mtu akaanguka na kufa. Sivyo. Moyo ni pampu, na kushindwa kwake maana yake ni kwamba pampu ingali inafanya kazi, lakini haina tena uwezo wa kusukuma damu kadiri mwili unavyoihitaji. Hapo maji huanza kujikusanya mapafuni, tumboni na miguuni. Mara nyingi hali hiyo huchukua majuma au miezi kukomaa, na muda wote huo mwili hutoa ishara.

Ishara zenyewe si za kitaalamu. Mtu aliyekuwa akipanda kilima bila taabu sasa hukatika pumzi katikati ya njia. Usiku hawezi kulala chali, ila kwa kuegemea mito miwili au mitatu. Pengine huamka ghafla akitafuta hewa dirishani. Hukohoa usiku. Buti zilizomtosha asubuhi humbana jioni, na akibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo hubaki pale pale. Uzito humpanda kwa kilo mbili na zaidi katika siku chache, na huo si unene bali ni maji. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa nini basi ishara hizi hupita machoni mwetu bila kuonekana? Sababu ya kwanza ni tabia yetu sisi watu wa sare. Askari anayehema katika mbio za asubuhi huitwa goigoi au mlevi. Naye, kwa kuogopa kudharauliwa, kunyimwa kozi au kuachwa wenzake wanapopandishwa cheo, huficha. Sababu ya pili ni zahanati zenyewe. Mgonjwa anayekohoa na kukatika pumzi hupewa dawa ya nimonia, akirudi huambiwa ana pumu, akirudi tena hupimwa kifua kikuu. Kupima hayo si kosa. Kosa ni kuyapima hayo tu, bila kuukumbuka moyo. Sababu ya tatu ni dhana ya kwamba aliyevimba tumbo na miguu amerogwa au amelishwa sumu na jirani, na miezi ya thamani hupotea kwa waganga wa ramli.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya wazee. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2012, uliwahusu wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, umri wa sajenti mkongwe au afisa aliye katika kilele cha utumishi wake. Katika asilimia 45 hivi ya wagonjwa hao, chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Kabla ya miezi 6 kwisha, zaidi ya mmoja kati ya kila 6 alikuwa amefariki dunia.

Shinikizo la damu ndilo linalotupasa kulitazama kwanza, kwa kuwa halina maumivu. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne analo, na kwamba kati ya walio nalo, hata mmoja katika kumi hakuwa akijijua. Ukitaka kufahamu maana yake, tazama kikosi kimesimama katika gwaride, ukahesabu kila wa nne.

Aidha, wapo watu wengine kambini ambao moyo wao huwa hatarini. Wake zetu, na askari wa kike, wanaweza kupatwa na udhaifu wa moyo katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Mama akilalamika kwamba hawezi kulala chali na miguu imevimba, asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa uzazi. Watoto nao hudhuriwa na maumivu ya koo yasiyotibiwa, ambayo huweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za maradhi hayo, na kutangazwa mwaka 2021, ulithibitisha faida ya kuwahi. Waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, kwa muda wa miaka 2, ni asilimia 0.8 tu waliozidiwa. Wasiochomwa walikuwa asilimia 8.2. Watoto hao hawakungojwa waje hospitali wakiwa hoi. Walitafutwa na kupimwa mapema.

Watasema baadhi ya wakuu kwamba vipimo vya moyo ni ghali, na zahanati ya kambi haina mashine. Ni kweli kwamba mashine ya kuupiga moyo picha haimo katika kila zahanati. Lakini mashine ya kupimia shinikizo la damu, mizani ya uzito, kidole cha kubonyeza mguu na sikio la kusikiliza mapafu, hivyo vyote havihitaji bingwa. Muuguzi au mganga msaidizi anaweza kuvitumia, kisha akamwandikia barua mgonjwa anayestahili kupelekwa mbele. Taasisi ya Moyo ya Uganda ipo Mulago tangu mwaka 1988. Kazi ya zahanati ni kumfikisha mgonjwa huko au hospitali kubwa nyingine angali anatembea kwa miguu yake, akaanzishiwa dawa za kuondoa maji na za kuupunguzia moyo mzigo.

Watasema wengine kwamba tukilegeza kamba, watoro wa kazi watajificha nyuma ya moyo. Hoja hii nayo haina nguvu. Uvivu hauachi shimo katika kifundo cha mguu, wala mashine ya shinikizo haijui kumpendelea mtu. Kupima ndiko kunakomtenga mgonjwa na mtoro. Matusi ya uwanjani huwachanganya wote wawili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kila askari na kila polisi apimwe shinikizo la damu na uzito walau mara mbili kwa mwaka, na hesabu hizo ziandikwe katika kadi yake ya matibabu. Mwenye kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi arudishwe kupimwa tena, si kusubiri mwaka upite. Pili, mgonjwa yeyote anayekatika pumzi, hasa anapolala, atazamwe miguu, mishipa ya shingo na uzito siku hiyo hiyo. Tatu, mkuu wa kikosi atamke mbele ya askari wake kwamba anayeripoti ugonjwa wake mapema hatapoteza heshima, na siri yake itabaki kwa tabibu. Pasipo tamko hilo, mashine zote zitapima wazima tu. Wagonjwa watakuwa wamejificha.

Nasi wenyewe tuna sehemu yetu. Tupunguze chumvi, tujihadhari na waragi, na aliyepewa dawa za shinikizo asiziache kwa sababu amejisikia nafuu, maana nafuu hiyo imeletwa na dawa. Zamu yako ikimalizika juma hili, pitia zahanati, nyoosha mkono upimwe, umwite na mwenzako. Ni kazi ya dakika tano.