Boti Ichaguliwe kwa Siku ya Dhoruba

Starehe ya majini si anasa ya wageni pekee tena. Kila mwisho wa juma, kuanzia Entebbe na Munyonyo hadi Jinja, wananchi wenye uwezo, vilabu na wenye hoteli hushusha vyombo majini kwa matembezi, uvuvi wa kujifurahisha na michezo. Miongoni mwa vyombo vinavyowavutia wanunuzi zimo boti za jeti, na anayezitaka hukabiliwa na swali moja: je, anunue ile ya futi 19 au ile ya futi 24? Wapo wanaolijibu kwa kutazama mfuko wao, na wapo wanaolijibu kwa kutazama jirani amenunua ipi. Kwa maoni yangu majibu yote mawili ni ya hatari. Boti haichaguliwi kwa ajili ya asubuhi ya jua na ziwa lililotulia. Huchaguliwa kwa ajili ya saa ile ambayo upepo umegeuka, mawimbi yamesimama, na waliomo chomboni hawana haja nyingine ila kurudi nyumbani.

Kwanza yafaa msomaji akielewe chombo chenyewe. Boti ya jeti haina rafadha, yaani lile pangaboi linalozunguka nyuma ya boti za kawaida. Injini yake imo ndani, nayo huendesha pampu inayofyonza maji kupitia tundu lenye wavu wa chuma chini ya boti, kisha kuyasukuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba ulio tezi. Msukumo wa maji hayo ndio uipelekao boti mbele. Nahodha akizungusha usukani, mdomo huo hugeuka kushoto au kulia. Akitaka kurudi nyuma, kifuniko hushuka na kuyaelekeza maji upande wa mbele. Faida yake ni dhahiri. Hakuna panga lililo wazi la kumkata mwogeleaji, wala kitu kinachoning'inia kugonga mwamba katika maji haba. Hata hivyo kamba na nywele ndefu huweza kufyonzwa, kwa hiyo mtu asilisogelee tundu hilo injini ikiwa inanguruma.

Aliyeifanya njia hii ifae kwa matumizi ya watu ni William Hamilton, mfugaji na mhandisi wa New Zealand, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akitafuta chombo cha kupandia mito ya kwao, iliyo mipana lakini yenye kina kifupi na changarawe tele. Mwaka 1960 boti za jeti ziliupanda mto Colorado huko Marekani kupitia korongo lake kuu. Mwaka 1977 Edmund Hillary alizitumia kuupanda mto Ganges huko India, kutoka baharini kuelekea milima ya Himalaya. Tukumbuke basi kwamba jeti ni mtoto wa mito. Kumleta katika ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 ni jambo linalowezekana, lakini lina masharti yake.

Sasa tulinganishe. Boti ya futi 19, kama zile zitengenezwazo na Yamaha, kwa kawaida ina injini moja, uzito wa takriban tani moja, tangi la lita zipatazo 110 na nafasi ya watu 8. Ndugu yake wa futi 24 ana injini mbili na pampu mbili, uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, tangi la lita zipatazo 190 na nafasi ya watu 12. Kwa urefu tofauti yao ni futi 5 tu, ambazo mtu mzima huzipita kwa hatua mbili. Lakini ziwani futi hizo ni nyingi.

Nisieleweke kwamba naidharau boti ndogo. Bei yake ni nafuu, petroli yake ni kidogo, na gari la kawaida la mizigo midogo laweza kuivuta hadi ufukoni. Matengenezo yake ni ya injini moja badala ya mbili. Katika ghuba zilizokingwa na upepo, na katika maji yaliyotuama nyuma ya bwawa la Bujagali lililozinduliwa mwaka 2012, mtu mwenye familia ya watu wanne au watano hahitaji kubwa kuliko hiyo, mradi akae mbali na bwawa lenyewe. Anayenunua futi 24 kwa matumizi ya namna hiyo ananunua fahari, na fahari hiyo atailipia kila aendapo kujaza tangi.

Shida huanza pale boti ndogo inapotolewa ghubani na kuelekezwa maji ya wazi, kama njia ya kutoka Entebbe kwenda visiwa vya Ssese. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kuongeza hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Kwa hiyo mbio na uwezo vilivyoandikwa katika kitabu cha muuzaji, vilivyopimwa karibu na usawa wa bahari, mnunuzi asivitarajie hapa. Aidha, watu 8 wenye wastani wa kilo 75 ni kilo 600, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa boti yenyewe. Ukiongeza petroli, kreti za soda, chakula na nanga, boti hushindwa kuinuka juu ya maji; hulima mawimbi kwa kifua na kunywa mafuta bila kufika mbali.

Adui mwingine ni gugu maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo husukumwa na upepo kutoka ghuba hii hadi ile. Likiinasa rafadha ya mashine ya kupachika, nahodha huinua mashine na kulikata kwa kisu. Likiingia katika pampu ya jeti, injini hulia lakini boti haiendi. Wakati mwingine kuzima injini hutosha, gugu likadondoka lenyewe. Wakati mwingine hapana budi mtu afungue kifuniko cha nyuma na kuingiza mkono, au ashuke majini. Ebu fikiri kazi hiyo ikifanywa katika mawimbi, giza likiingia, watoto wakilia! Tena yafaa ikumbukwe kwamba boti ya jeti iliyokosa msukumo imekosa usukani pia, kwa kuwa kiigeuzacho ni maji yale yale yaisukumayo. Nahodha mgeni aonapo hatari huachia mafuta kama dereva wa gari, na papo hapo chombo hukataa kugeuka.

Hapo ndipo futi 24 inapojipatia heshima yake. Pampu moja ikiziba, ya pili yaweza kuirudisha boti pwani, japo polepole. Urefu na uzito wake huifanya iyavuke mawimbi mafupi ya ziwa bila kutumbukia kati ya wimbi na wimbi. Dhoruba za ziwa hili hupendelea usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa kujifurahisha hupenda kuondoka. Kwa mtu atakayekwenda visiwani, mimi sioni hoja ya kumshawishi achukue injini moja.

Lakini boti kubwa nayo ina ugonjwa wake, nao ni mwaliko. Nafasi 12 zikiwapo, watu 12 watapatikana, na baada yao marafiki wawili wasiotaka kuachwa ufukoni. Sote twakumbuka tarehe 24 Novemba 2018, ilipozama boti ya starehe iitwayo MV Templar karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono. Haikuwa boti ya jeti, wala haikuwa ndogo. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, na haikuwa na leseni. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, karibu kabisa na nchi kavu. Polisi, wanajeshi na wavuvi waliokwenda kuokoa walikuta jioni ya furaha imegeuka matanga.

Wapo wanaojifariji kwa methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, wakimaanisha kwamba ajali imekwisha kuandikwa. Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi chombo huanza kuzama kikiwa bado nchi kavu: siku kinaponunuliwa kwa maji yasiyo yake, na saa abiria wa ziada anaponyoshewa mkono apande. Katika chuo cha maofisa tulizoezwa kutopanga kwenda bila kupanga kurudi. Kanuni hiyo yamfaa raia pia. Theluthi ya petroli iwe ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ibaki akiba. Kwa tangi la futi 19 hiyo ni kama lita 37 tu za kwendea. Mwenye kuifanya hesabu hiyo kwa unyofu atajua mwenyewe kama boti yake ni ya visiwani au ya ghubani.

Basi shauri langu ni hili. Anayebaki mtoni na ghubani achukue futi 19, na aapize nafsi yake kwamba haitavuka maji ya wazi hata siku moja. Anayekusudia maji ya wazi achukue futi 24, kisha aipakie kana kwamba ina nafasi 8. Asiyeweza kununua kubwa asijidanganye kwamba ujasiri wake utaziba upungufu wa injini ya pili. Ni heri angoje mwaka mwingine, au apande kivuko.

Wengi wetu, ndugu msomaji, hatutanunua boti yoyote. Tutaalikwa tu. Kwa hiyo wajibu uliobaki ni wetu sote. Kabla ya kukanyaga chomboni tuulize nafasi ni ngapi, tuhesabu vichwa, tuone jaketi za kuokolea maisha zikivaliwa badala ya kukaliwa, na tuulize leseni inayotakiwa na sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021. Mwenye boti akikasirishwa na maswali hayo, tubaki ufukoni. Ziwa halina cheo wala halimjui tajiri, na mwanajeshi anayeitwa kuokoa hufika baada ya ajali, si kabla yake.