Mbwa wa lupango afundishwe, asipigwe

Hapa Kampemba kuna mbwa wanaofungwa mnyororo mchana kutwa, wanapigwa fimbo, kisha usiku wanaachiliwa walinde lupango. Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mtoto anayepita na bidoni ya maji. Na watoto wa ndugu zetu waliokimbia vita hawajajua bado ni lupango gani wapite mbali nayo.

Fimbo haileti ulinzi. Kule Virunga, tangu 2011, walinzi wa mbuga wanafuatilia majangili pamoja na mbwa waliofundishwa kunusa. Mbwa hao wana faida kwa sababu wanamsikiliza mtu wao.

Nasi tunaweza. Anza angali mdogo: mwite kwa jina, akija mpe kitonge cha bukari, rudia kila siku. Asipomrukia mgeni, msifu. Na achanjwe.

Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mbio kituo cha afya, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huua. Gharama alipe mwenye mbwa, hata kama mtoto ni wa familia iliyofika jana.