Mzazi naye apimwe, si mtoto peke yake

Mama akijifungua salama, macho ya wote huhamia kwa mtoto. Ndugu hufika na kanga na sabuni, huuliza ana kilo ngapi na kafanana na nani. Mama huulizwa tu kama maziwa yanatoka. Hata kliniki, mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, na mara nyingi mama hurudi nyumbani bila kuulizwa hali yake.

Hili ni kosa, kwa kuwa siku zile 40 mwili wake una kazi kubwa. Baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Katika wiki 6 hunywea hadi chini ya gramu 100. Kule kujikaza ndiko kunakoleta maumivu ambayo wengi huyaita chango, na huzidi mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonyesha husaidia mfuko kurudi. Damu nayo huwa nyekundu siku tatu nne za mwanzo, kisha hupungua na kupauka, na mwisho hubaki uchafu mweupe au wa njano.

Kwa hiyo mfuko wa uzazi hurudi wenyewe. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto sana hakuuharakishi. Kunaweza kumuunguza, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji kunahatarisha kidonda. Mila ya kumpumzisha, kumpikia mtori na uji na kumpunguzia kazi ni njema, tuidumishe.

Tatizo ni pale kila kinachomsumbua kinapoitwa "mambo ya uzazi". Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja si mambo ya uzazi. Vivyo hivyo homa, uchafu wenye harufu mbaya, kidonda kinachotoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu vinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, ambacho humpata hata aliyekwisha kujifungua. Huzuni isiyoisha, au mama kumchukia mtoto, nayo ni maradhi yenye tiba. Dalili hizi hazisubiri arobaini iishe. Mama apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Wahudumu wa kliniki, mkimaliza kumpima mtoto, mgeukieni aliyembeba. Nanyi akina baba, mnapoweka akiba ya nguo za mtoto, wekeni na nauli ya kumrudisha mama hospitali.