Windows mpya, intaneti hakuna



Mama mmoja anayekaa Ntinda, Kampala, ametuletea swali. Kompyuta ya nyumbani ilijaa virusi, fundi akaweka Windows upya. Imerudi nyepesi, ila intaneti haishiki. Fundi anasema kadi ya waifai imekufa, inunuliwe nyingine. Na mtoto ana fomu ya kuomba masomo ya kutuma wiki hii.

Mama yetu, pole. Usitoe pesa kwanza. Fomu isingoje, itumwe hata kwa simu. Halafu tutafute shida iko wapi: kwenye laini, kwenye ruta, au kwenye kompyuta.

Kwanza, shika simu, zima data, uiunganishe na waifai ya nyumbani. Fungua ukurasa wowote, lakini usipime kwa Facebook, maana serikali iliifunga hapa Uganda Januari 2021. Simu nayo ikigoma, shida ni ruta, laini, au bando limeisha. Simu ikifungua, shida ni ya kompyuta.

Pili, je, kompyuta inaonyesha majina ya waifai za majirani? Ikionyesha, kadi ni nzima. Windows mpya haijui neno la siri la zamani, basi liandike tena, herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Tazama na tarehe pia. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2015, kurasa nyingi zitakataa kufunguka.

Tatu, haionyeshi jina hata moja? Hakikisha waifai haikuzimwa na alama ya ndege haijawashwa. Halafu pale pa kutafutia andika "Device Manager". Ukiona alama ya njano, mara nyingi kadi haijafa, inakosa draiva. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Ile ya zamani ilifutika siku Windows ilipowekwa upya.

Sasa, draiva inatoka intaneti, na intaneti ndiyo hiyo hakuna! Dawa ni simu ya Android na waya wake. Uwe waya unaopitisha data, kwani nyingine ni za kuchaji tu. Chomeka simu kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya simu washa "USB tethering". Simu nyingi zikiwa zimeshika waifai ya nyumbani, zinaipitisha hiyohiyo, bando la simu haliguswi. Fungua "Windows Update", iache itafute. Isipopata, nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, utafute kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. Draiva ikishaingia, chomoa waya, washa kompyuta upya.

Kama kadi haionekani kabisa kwenye ile orodha, hapo fundi ana haki ya kufungua na kuangalia. Mwambie afungue mbele yako, na kadi ya zamani akurudishie mkononi.

Kwenu wengine ambao bado hamjaweka Windows upya: wekeni kwanza vyeti, picha na barua zenu kwenye flashi, na draiva ya waifai pamoja nazo. Kompyuta inanunuliwa tena, lakini picha ya cheti ulichokiacha nyumbani Kongo au Sudani Kusini utaipata wapi?

Tuletewe maswali mengine. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.