BARUA ZA WAZAZI: Kama mashini inajua hesabu, mutoto asome nini?

Mama mmoja wa Koni ametuandikia. Kijana wake anataka kuingia mu seksioni ya hesabu na fizika. Baba anakataa: «Siku hizi telefoni inafanya hesabu yote. Njo nitalipa minervali ya nini?» Mama anauliza: ni nani mwenye haki?

Mama mupenzi, kwanza uite watoto inje, muchore ku muchanga. Fanyeni chumba cha pembe 4, na ndani mistari miwili toka pembe mpaka pembe. Sasa mujaribu kupitisha kidole ku kila mustari mara moja tu, bila kukiinua. Mutashindwa. Muongeze paa juu, sawa nyumba, na muanzie ku pembe ya chini. Itawezekana!

Muchezo huu wazee wetu waliujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Emil Torday, mutu wa Hungaria, alikuta watoto wa Wabushongo huko Kasai wanachora namna hii. Walimupa kazi, akashindwa, wakafurahi sana.

Kwa nini moja inawezekana na nyingine hapana? Leonhard Euler alionyesha sababu katika mwaka 1736. Uhesabu mistari inayofika ku kila pembe. Kama pembe zenye mistari isiyogawanyika kwa mbili zinapita 2, usijisumbue. Chumba chetu kinazo 4; nyumba inazo 2 tu.

Elimu hii ya vitone na mistari inaitwa elimu ya grafu. Si muchezo tu: katika mwaka 1926 Otakar Borůvka wa Chekoslovakia alionyesha namna ya kuunganisha miji kwa nyaya za umeme bila kupoteza waya. Wanaoona nyaya zinazotoka ku sentrale ya Koni wataelewa faida yake.

Na mashini? Katika mwaka 2021, Adam Zsolt Wagner alifundisha ordinatere kujenga grafu, akiipa pointi kila mara inapofanya vizuri zaidi. Kulikuwa jambo moja ambalo wenye hesabu walilifikiri ni kweli. Ordinatere ikaleta grafu ya vitone 19 iliyoonyesha kwamba si kweli. Ni ajabu kabisa! Lakini ni nani aliyechagua ulizo? Nani aliyepima jibu? Ni mutu aliyesoma.

Basi, Baba ana haki nusu. Mashini inakimbia kutupita. Lakini telefoni inaweza kukujibu kwa maneno matamu na ikakosa, asiyesoma atajuaje? Mutume Paulo aliwafundisha Wakristo wa Tesalonike wapime kila jambo mbele ya kulishika.

Tunawaomba mulipe minervali. Na kila jioni, Baba amuulize kijana: «Kwa nini?» Akijibu paka «telefoni imesema», arudilie kazi yake.